Mayai Tisa ya Ng'ombe

Baraka, siku ya soko

Yaya Riziki,

Jambo sana kwenu bote! Mi niko muzima, nimeshiba ugali na samaki mikeke, na tangu asubuhi niko nacheka peke yangu kama mwenye wazimu.

Sikiliza. Muzee mumoja wa kule milimani, vita ilimumalizia ng'ombe zote, akabakia na jike moja tu. Jana likavunjika muguu njiani kuja huku, leo bakalichinja hapa. Nikaomba ile mifuko ya mayai ya ndani ya tumbo, mayai yenye kuzaaka ndama. Nikaiweka katika maji ya moto kidogo, ndani ya termosi ya chai ya mama wa restora (bado hajajua!), mbio mpaka santre ya afya, muzee nyuma yangu. Pale nikavuta maji ya ile mifuko na sindano, vile tulijifunzaka masomo ya mifugo, nikatazama na mikroskopi ya malaria.

Yaya, mayai tisa! Mviringo, yanang'aa kama jua ndogo-ndogo!

Muzee akaweka jicho.

"Zitazaliwa?"

"Hapa hapana, muzee. Inaomba mbegu ya dume na mashini ya Ulaya. Jioni zitakufa."

Nikajua atalia. Kumbe akapiga makofi: "Tangu vita, mi sijakuwa na ng'ombe tisa!"

Akazipa majina moja-moja, kama ng'ombe za kwao milimani, na muganga wa santre akamusaidia kuchagua. Ya tisa ikakosa jina. Nikasema: Riziki.

Basi yaya, mpaka jua lizame, na weye uko ndani ya kundi ya muzee. Kula vizuri, tembea polepole, usivunjike muguu.

Mudogo wako,
Furaha