Kibanja cha Tata na Kifungu cha Nne

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Baba mkubwa Kahangwa kapiga simu, chai bado iko mdomoni. Kibanja cha Tata, marehemu baba yangu, kimekuwa pori! Nyasi kiunoni, migomba inaburuta majani makavu. Ukoo unakutana tarehe 28 Desemba, wote wakiwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi. Wakikikuta hivyo, atapewa Rugambwa akitunze. Rugambwa ni binamu yangu, kibanja chake kimepakana na chetu. Tangu Tata aniandikie mimi wosia ana swali moja tu — mwanamke atakiweza?

Na mpangaji yupo! Mwalimu Zahoro, mtu wa Kondoa, anafundisha sekondari pale Muleba. Yumo nyumba ya Tata toka Februari. Kodi analipa kabla ya tarehe, hapo sina neno. Lakini mkataba niliuandika mwenyewe. Miaka ishirini na sita ukarani wa mahakama si mchezo. Kifungu cha tatu: mpangaji atatunza kibanja. Ndiyo maana kodi yenyewe nilimpunguzia.

Nimempigia. Yuko darasani, atanipigia. Hakupiga.

Jumamosi, 9 Novemba 2024

Kapiga. Shikamoo mama, samahani mama. Eti kidato cha nne wanaingia kwenye mitihani, anawaandaa, jioni anarudi hoi. Nikamwambia mkataba haujui mitihani.

Evelyne, jirani yangu wa duka hapa Miembeni, Bukoba, ana vyumba sita vya kupangisha na uwanja wake unang'aa. Kanicheka. Anasema wiki ya kwanza anafagia pamoja na mpangaji mpya, baada ya hapo zamu zinajiendesha. Mpangaji haelewi kwa kutishwa, dada, anaelewa kwa kuonyeshwa. Panda gari uende Muleba.

Goti linaniuma. Nitaandika barua.

Jumanne, 12 Novemba 2024

Barua imeondoka na basi. Safisha shamba lote ifikapo 15 Desemba, la sivyo uhame. Nakala kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nikagonga na mhuri wa duka! Nimejisikia vizuri siku nzima.

Alhamisi, 21 Novemba 2024

Ujumbe wa Zahoro: Mama, nisafishe kila kitu?

Nimemjibu: kila kitu. Nataka nione mwanzo mpaka mwisho.

Jumapili, 1 Desemba 2024

Nimetoka kanisani nikakuta picha kwenye simu. Nikapiga yowe la kwetu: mawe, mama yangu! Kibanja kimefagiwa kama uwanja wa shule. Udongo mtupu, mwekundu. Matandazo yote, zile nyasi na majani ya mgomba ambayo Tata alitandika miaka na miaka ili ardhi isikauke, kayachoma moto. Kwao Kondoa shamba safi ni udongo mtupu. Nani angemwambia?

Hilo ningelimeza. Nikaivuta picha karibu. Upande wa kushoto naiona migomba ya Rugambwa, yote, bila kizuizi. Milamula haipo! Milamula ya babu, ile mimea ya majani marefu aliyoipanda kuwa mpaka. Kumi na moja. Hakuna Mhaya, hata mlevi, anayeng'oa mlamula.

Nimempigia hapo hapo. Anasema, yale magugu magumu, mama? Yamenitoa malengelenge. Si ulisema kila kitu?

Nilikata simu.

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Evelyne kaniuliza: ulimwonyesha mipaka? Nikamjibu vibaya, nikafunga duka saa tisa.

Sikumwonyesha. Funguo nilimkabidhi stendi hapa Bukoba, kwenye benchi, mkataba juu ya mkoba. Tangu tumzike Tata mwezi wa kwanza sijakanyaga pale. Wala si goti. Naogopa kuliona kaburi.

Haya, nimeandika.

Jumamosi, 7 Desemba 2024

Nimekwenda. Basi lilipofika Kemondo nilitamani nishuke nirudi.

Zahoro kanipokea mkoba kwa mikono yenye mabaka ya vidonda. Nilikuja na maneno yangu yote tayari, nikayaacha nilipofika kaburini. Limefagiwa. Limezungushiwa mawe, na maua mekundu yameshashika. Nikamuuliza nani kafanya. Mimi, mama, tangu mwezi wa tatu, nikitoka shule Ijumaa. Mzee wa watu alikuwa peke yake.

Hilo halimo kwenye mkataba. Nililia, nikalia tena.

Halafu nikavua viatu. Nikamwonyesha jinsi ya kupunguza majani makavu kwenye mgomba na kuyatandika chini, mbali kidogo na shina. Baada ya saa mbili tu akawa ananishinda. Nilimwambia mkungu wa kwanza ni wake, akadhani namtania — mkataba wangu ulisema ndizi zote zangu. Na mimi nashangaa mtu hatunzi!

Milamula ameitupa nyuma ya choo. Ina roho ngumu, imeshaanza kuchipua. Ila mashimo aliyafukia, mvua imesawazisha, na kuirudisha bila wazee ni kuanzisha ugomvi.

Rugambwa hakukawia. Akanisalimu kwa Kihaya: Kasinge, Georgina, pole na safari. Akasimama kwenye mparachichi, hatua sita ndani ya kwetu. Mpaka si ulikuwa hapa? Nilitukana kwa Kihaya. Zahoro alitazama chini.

Barua ya kumhamisha sikuifuta. Nilisahau. Hapana, sikusahau. Nilitaka aendelee kuogopa mpaka tarehe 28 ipite.

Jumamosi, 28 Desemba 2024. Muleba

Naandika jikoni kwa Tata, mvua inapiga bati, wengine wamejibanza barazani. Niandike kabla hawajaniita.

Kibanja kimewapendeza. Matandazo yamejaa, hata baba mkubwa Kahangwa alikohoa tu, hakupata kasoro. Kisha Rugambwa akaomba mpaka uwekwe, pale kwenye mparachichi. Nikapinga. Baba mkubwa akauliza, nani anajua ilipokuwa milamula? Zahoro akasimama. Mimi, mzee. Niliing'oa mwenyewe, nayajua mashimo yote.

Rugambwa akacheka. Mpangaji mharibifu, tena ana barua ya kuhamishwa! Nakala anayo mwenyekiti. Huyu si atasema lolote abakie? Watu wakaguna. Barua yangu mwenyewe, na mhuri wangu!

Zahoro hakukasirika. Akatoa mkataba kwenye mfuko wa shati. Wazee wangu, kabla sijaonyesha, namwomba mama asome kifungu cha nne. Nimeitwa mharibifu tangu asubuhi.

Niliomba miwani. Miwani nilikuwa nayo mkononi.

Nikasoma mbele ya ukoo mzima: Mwenye nyumba atamwonyesha mpangaji mipaka ya kibanja siku ya kukabidhi funguo. Mwandiko wangu. Baba mkubwa akauliza taratibu, Georgina, ulimwonyesha?

Nikisema ndiyo, Zahoro anabaki mharibifu, na neno la mharibifu nani atalisikiliza? Nikisema hapana, Rugambwa atasema si mnaona, hata kufika hakufika, mwaka mzima. Mdomo wangu ukafunguka, na mvua ikamwagika hapo hapo. Wote tukakimbia.

Sasa inapungua. Kupitia mlangoni namwona Zahoro, shati limemganda mgongoni. Ametoa visiki vyote kumi na moja vya milamula nyuma ya choo kwa toroli. Amefika shimo la kwanza, karibu na kaburi. Mlamula anao mkononi na jembe liko chini. Hachimbi. Anatazama huku jikoni.

Baba mkubwa anaita. Georgina! Waitu, mwanangu, njoo ujibu.

Nimevua viatu, nitajibia pale shimoni, kando ya Zahoro.