Mama Chooni Mara Sita

Shoga, nimeumbuka! Ile ratiba niliyopanga ya kuwatembeza wazee wangu miji midogo polepole, mama kaikuta mezani.

Kaisoma kwa sauti mbele ya baba: “Saa nne, mama chooni. Saa tano, mama chooni.” MAMA CHOONI! Mara sita!

“Nimekulea bila ratiba, leo unanipangia haja?” Kaichana vipande vipande.

Baba naye, dereva wa malori miaka thelathini, kaninyang’anya funguo. “Miji hiyo naijua yote. Ukitaka kuja, kaa nyuma.”

Nyuma! Gari langu mwenyewe!

Basi nimepanda hukohuko nyuma, sishuki ng’o. Nimefunga mkanda, nimenuna.

Baba kawasha gari, mama kageuka, kanikazia macho: “Wewe, umeshaenda chooni?”

Sijaenda, shoga. Na sisemi!