Ndege ya Masaa Mbili

Ilunga, mujukuu wangu,

Sisi wote wa Nchelenge tunakusalimia. Mama yako amerudi toka Kabuta na samaki ya kutosha. Lakini muke wangu, nkambo yako mwanamuke, hatoki tena ku kitanda.

Unaniuliza juu ya nini ninakuharakisha, na ndege ya kutoka kwako Johannesburg mpaka Lusaka inatumia masaa mbili tu. Na mimi nilihesabu vile. Nilikuwa kijana ku Kilwa, ng'ambo ya ziwa, wakati papa yangu aliugua ku Kinshasa. Nilisema, nikifika Lubumbashi nitaruka tu. Kumbe mvua imeharibu barabara, kamio yetu ikazama ndani ya matope. Kila ndege iliyopita juu ilinikata moyo.

Nilipofika, papa alikuwa angali anapumua. Alifungua macho, akanijua. Mama akaniambia polepole:

"Hakuuliza hata siku moja kama umefika wapi. Aliuliza tu, 'Mutoto ametoka?' Tulipopata habari kama uko njiani, njo pale alikubali kunywa maji."

Leo asubui nkambo yako ameniuliza vilevile juu yako, na mimi nikakamata kalamu. Mutoto wangu, nipe jibu ya kumupelekea.

Nkambo yako