Seva Namba Nne Ilisema Ni Mzima

Shikamoo baba,

Nakuamkia kutoka huku Poland, na najua umeshaitika marahaba kabla hata hujavaa miwani. Kwa desturi ningefuatia na kukuuliza afya, nawe ungejibu kwa Kishambaa chetu, "Tiwedi, mwanangu, sote wazima," halafu simu ungempa mama. Ndiyo maana safari hii nimeandika. Barua huwezi kumpa mama kabla hujaimaliza.

Habari za huku ni njema. Baridi imelegea na kazini nimepiga hatua, ingawa kwanza nilianguka. Nataka nikusimulie, maana na wewe umo.

Kila mara unaniuliza kazi yangu hasa ni nini, nami nakujibu "kompyuta", nawe unasema "haya". Leo nakueleza vizuri. Kampuni yetu inatunza tovuti ambayo wazazi wa mji mmoja wa huku huandikishia watoto chekechea. Tovuti hiyo inakaa kwenye kompyuta kubwa ziitwazo seva. Siku ya uandikishaji wazazi wote huingia saa mbili kamili asubuhi, na anayewahi ndiye apataye nafasi, kwa hiyo seva moja haitoshi. Tumeweka sita, na mbele yake kuna programu ya kugawa kazi. Mimi naiita msimamizi. Mzazi akiingia, msimamizi anatazama seva ipi ina foleni fupi, anampeleka huko. Na kila baada ya sekunde tano anaiuliza kila seva: u mzima? Ikijibu mzima, inaendelea kupewa watu.

Swali hilo nililiandika mimi.

Basi siku ya uandikishaji haikupita hata robo saa, simu za ofisini zikaanza kulia. Wazazi wanajaza fomu, wakituma inakataa. Nikaangalia, seva zote sita zinajibu mzima. Nikamwambia bosi wangu, mama mmoja aitwaye Ewa, kwamba mitambo yetu haina tatizo, labda ni intaneti za watu. Nilisema kwa kifua mbele kabisa. Hata kuandika naona haya.

Kumbe seva namba nne ilikuwa imekatika mawasiliano na mahali yanapohifadhiwa majina ya watoto. Haikuweza kuandikisha hata mmoja. Lakini mdomo ulikuwa unafanya kazi; ikiulizwa, inajibu. Na kwa kuwa ilikuwa inawakataa watu papo hapo, foleni yake ikawa fupi kuliko za wenzake, basi msimamizi akazidi kuipelekea watu. Mgonjwa ndiye aliyebebeshwa mzigo mkubwa, baba, kwa sababu tu alisema ni mzima.

Niliitoa namba nne kwenye zamu kwa mkono wangu, tano zilizobaki zikabeba, na wazazi waliokataliwa wakarudishiwa nafasi zao. Kisha Ewa akaniita. "Kwa nini uliridhika na jibu hilo?" Nikamweleza kwamba kwetu mtu mzima akiulizwa hali husema mzima hata kama kalala kitandani, maradhi yanatajwa baadaye, kama yatatajwa. Akacheka. "Hapa ukimuuliza mtu hali yake vuta kiti," akasema. "Utaelezwa mgongo, meno na mkwe."

Ndipo nikakukumbuka wewe ulivyokuwa ukisimamia msaragambo, ile kazi ya pamoja ya barabara ya kijiji. Asubuhi ya msaragambo hakuna Mshambaa atakayesema anaumwa, maana ataitwa mvivu. Wewe ulikuwa huwaulizi. Kabla hujampimia mtu hatua zake za kuchimba mtaro, ulimpa sururu: "Piga mara tatu nione." Ukishaona, mwingine ulimpa hatua kumi, mwingine ukamwambia akachemshe chai ya wenzake. Wala hakuna aliyefedheheka.

Programu nimeifundisha hivyo hivyo. Siku hizi haiulizi seva kama ni nzima. Inaiambia, nitafutie jina la mtoto huyu. Jina nililoweka ni lako, kwa hiyo ujue kwamba kwenye mitambo ya Poland wewe ni mtoto wa miaka mitatu. Seva ikishindwa, inawamalizia watu iliokwisha kuwapokea, haipewi wapya, inapumzika mpaka itengenezwe. Haifukuzwi. Uandikishaji uliofuata ulipita kimya, na Ewa amenikabidhi mitambo yote ya ofisi yetu niisimamie.

Sasa baba. Dada Rehema ameniambia. Usimgombeze, nilimbana. Amesema ukipanda kwenye matuta ya juu ya kabichi unakaa kwenye jiwe la mfereji, mkono kifuani, na mtu akitokea unajifanya unafunga kamba za viatu. Amesema huwa umevaa ndala.

Naogopa, baba. Kwa hiyo sikuulizi kama u mzima. Panda kutoka mlangoni mpaka matuta ya juu, Rehema akufuate nyuma, ahesabu umekaa mara ngapi. Ikizidi mara moja, Jumatatu mnakwenda hospitali ya wilaya wakupime moyo, na kabichi za juu atazishusha binamu Athumani. Nimeshazungumza naye na amekubali. Shamba hakuna anayekunyang'anya. Unakwenda kuchemsha chai tu.

Nisidai nisichotoa. Mimi nami nilikonda wakati wa baridi. Mgongo unauma kwa kukaa. Siku ile ya seva nilijifungia chooni nikalia, na kila Ijumaa nikitoka msikitini natamani nyumbani mpaka nasahau njia ya kituo. Kazi naiweza. Hiyo ndiyo hali yangu yote, sijabakiza.

Msalimie mama, ambaye najua anachungulia begani kwako, na Rehema asiye na kosa. Msalimie mjomba wa Mombo na kibanda chake cha matunda. Shangazi wa Irente mwambie jibini za huku nimezionja nyingi, ya kwao bado naitamani.

Sururu nimekuwekea mkononi, baba. Piga mara tatu nione.

Mwanao akupendaye,
Hoza