Mama na Masuke ya Mchicha

Dada Yustina, shikamoo. Vipi joto la Wampembe? Huku Msanzi ni baridi, na mimi nina wasiwasi. Nilimkuta mama yuko kitandani kwa siku ya nne, ugali haupiti kooni. Akaniomba uji wa mchicha lishe, ule anaoupanda nyuma ya nyumba kwa ajili ya mbegu. Masuke yalishakauka, lakini upepo ulivuma na wingu zito likaja. Nikawa nakata haraka haraka, mbegu zinamwagika chini.

"Acha! Tandika shuka kwanza, ndiyo ukate!"

Kugeuka, ni mama. Amesimama pekupeku, kashika ukuta, anatetemeka. Nikamsihi arudi ndani, akakataa mpaka nilipomaliza. Mvua ikatukuta mlangoni.

Nimezipepeta mbegu, nikazikaanga, nikasaga na kumpikia. Kanywa nusu kikombe, akauliza, "Yustina anakuja lini?" Ndiyo nikakaa kukuandikia.

Sasa amelala, na kila akikohoa naacha kuandika. Kadi hii nampa dereva anayeshuka huko kesho. Dada, waachie majirani dagaa wako wakuangalizie, panda gari uje. Wabusu watoto, Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako,
Skola