Dada Bhoke, Uwanja Umebaki Mita 1,236

Dada Bhoke,

Jumamosi iliyopita, kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana, sisi Wasabato tukiwa kanisani, tulipoteza mita 540 za uwanja wetu wa ndege hapa Mugumu. Mvua haikuhusika. Watu walizichimba kwa sururu, mchana kweupe, wakati sisi tunaimba. Wewe ulikuwa umeshavuka mpaka pale Sirari tangu Ijumaa.

Shikamoo. Nilipaswa kuanza nayo, lakini mkono ulikimbilia mita kwanza.

Naiandika barua hii wazi kwa sababu simu yako inaita na huipokei. Nimepiga mara thelathini na moja. Inaita, maana yake unaichaji, maana yake uko hai na jina langu unaliona. Basi ndugu yeyote wa upande wa Isebania atakayeipata akusomee kwa sauti, hata ukimgeuzia mgongo.

Unakumbuka nikiwa bodaboda Nyamongo? Wewe ulikuwa unakaa kwenye rundo la mawe ya mabaki ya mgodi wa dhahabu, kanga kiunoni, unachagua. Unaokota jiwe, unalilamba, unaligeuza kwenye jua. Wanaume wenye misuli kukushinda mara tatu walikuwa wanakuletea mawe yao na kusimama mbele yako kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Ukilitupa, mtu anaondoka kimya. Ukimrudishia mkononi, anakimbia karashani kulisaga. Hukuwahi kusema uongo juu ya jiwe, hata la shemeji yetu.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Nikisubiri abiria stendi nilikuwa nahesabu wanaopanda basi, wanaelekea wapi, wana mizigo mingapi. Siku niliyokuambia nitanunua ndege ulicheka mpaka ukashika mgongo. "Mura, mdogo wangu, hata pikipiki yenyewe breki hujafunga!"

Nikanunua mbili. Jeti, viti thelathini na saba kila moja, na zilikuwa zimepita kwenye mikono ya mashirika matatu kabla hazijafika kwangu. Kwenye mlango wa choo cha moja kulikuwa na maandishi ya lugha ambayo hakuna mtu Mugumu nzima aliyeweza kuisoma. Ulipita kiti hadi kiti, unavuta mikanda, unabonyeza mito. Mwisho ukasema, "Zimechoka, lakini hazijakata tamaa." Nililala vizuri siku ile.

Kilichofuata unakijua. Nilidhani abiria wangu ni madalali wa dhahabu. Wana fedha, wanakwenda Mwanza kila wiki, hesabu ilikubali. Siku ya kwanza tulimwomba mzee mmoja jina lake kamili. "La nini? Mimi nasafiri, sijashtakiwa!" Wa pili tukamwambia begi lake liwekwe kwenye mizani. "Mizani ya nani? Mzigo wangu unapimwa na mimi." Wote kumi na mmoja wakarudi kwenye basi. Wiki mbili tuliruka na abiria sita, mara wanne, mara mmoja, na huyo mmoja ni mchungaji tuliyempa kiti bure.

Ulinikuta nimekaa kwenye ngazi ya ndege nimeshika kichwa. Ukasema, "Unahesabu wenye dhahabu. Hao wameshaipata, haraka ya nini? Hesabu wenye haraka."

Ilikuwa imetoka rashi Chunya. Hapa hakuna asiyejua rashi ni nini: dhahabu ikionekana mahali papya, anayefika kwanza anawahi kuweka alama ya duara lake, yaani shimo lake, na anayechelewa anamchotea maji aliyewahi. Basi linachukua siku mbili. Ulisimama stendi ya Nyamongo, ukapaza sauti: "Leo leo! Kabla wa Geita hawajafika!" Saa sita haijagonga viti vyote thelathini na saba vimejaa, na tumboni mwa ndege kuna sururu thelathini na saba. Hao kupimwa mzigo hawakuogopa. Walikuwa bado hawajapata cha kuficha. Tukawashusha Mbeya wakati wenzao wa basi hawajavuka hata Shinyanga.

Kuanzia hapo tukawa shirika la ndege. Rashi ikitoka Kahama, tupo. Ikitoka Chunya tena, tupo.

Halafu akaja mwandishi, akauliza nani aliligundua soko hili. Nikasema ni mimi. Ulikuwa nyuma yangu umeshika orodha ya abiria. Niliisikia karatasi ikikunjwa.

Sikugeuka.

Jiwe dogo, saizi ya harage, liliingia kwenye injini ya ndege ya kwanza tukiwa tunaruka kwenye moramu, changarawe tupu. Ile ndege iko Mwanza mpaka leo, imebaki na injini moja. Ndipo nikaamua uwanja uwekewe tabaka la mawe magumu na lami nyepesi juu. Mawe ya karibu na ya kutosha yalikuwa Nyakunguru, pale pale Nyamongo, kwenye marundo ya mabaki. Tipa mia moja na arobaini. Ulinionya, nakubali. "Mawe ya kule usiyalete hapa, mura. Watu wanayajua." Nikakujibu kwamba yameshakataliwa na kila mtu, hayana kitu. Nilikuwa naangalia ugumu wake tu. Sikufikiri kwamba naitandaza Nyamongo kwenye tambarare ya Mugumu, urefu wa mita 1,800, halafu kila siku nawapitisha juu yake watu ambao hawana kazi nyingine ila kutazama mawe.

Alhamisi ya wiki iliyopita uliinama mwisho wa uwanja, pale lami ilipokatika. Ukaokota jiwe. Ukalilamba. Ukalifunga kwenye leso. Dada, foleni nzima ya abiria ilikuwa inakutazama! Ijumaa asubuhi ulikwenda nalo karashani. Ukarudi. Nikakuuliza, "Vipi?" Ukanitazama, ukatabasamu, ukanyamaza. Ukapanda gari la Sirari.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba rashi haianzi na kelele. Inaanza pale mtu anayejua mawe anaponyamaza. Mbona hukukumbuka kwamba na wao wanajua hivyo?

Jumamosi walibandua juu tu, ndiyo maana walikwenda haraka. Sasa wamegawana, kila mtu na duara lake, wanakwenda chini. Wageni wanaofika wanaongeza mstari mmoja wa mashimo mbele. Abiria wetu wa zamani, yule mrefu wa safari ya Chunya, alinipungia mkono kutoka ndani ya shimo: "Bosi! Safari hii nimekuja kwa miguu!" Wakacheka wote. Hata mimi nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya kibanda cha tiketi kutafuta kamba ya kupimia.

Ndege iliyobaki, ile niliyoandika jina lako ubavuni, imesimama upande mzima wa uwanja. Wamepanga mawe mbele ya magurudumu. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Mzee, waambie wanipe saa moja tu, niitoe iende Mwanza."

"Wanasema umejaza mawe yao tumboni mwa ndege."

"Nimewafungulia, wameingia wenyewe, wamekuta viti!"

"Sasa wanasema yako kwenye mabawa." Akanionea huruma, nilimwona. "Mura, wewe sema usemavyo. Wao wanamtaka Bhoke. Bhoke akisema jiwe halina kitu, wataondoka kabla ya chakula cha mchana. Bhoke hajawahi kumdanganya mtu juu ya jiwe."

Nikamwambia basi tuyapeleke mawe mengine karashani, yasagwe mbele ya kila mtu. Akasema wameshasaga. Waliokosa wanasema jiwe lao halikuwa lile lako.

Sasa sikiliza hesabu, na hii huwezi kuibishia. Rubani anasema ndege ikiwa tupu, na mafuta ya kufika Mwanza tu, inahitaji mita 1,200 kuinuka. Nilimbembeleza ashuke hata mita kumi. Akaniambia, "Wewe si mtu wa namba? Hiyo ndiyo namba." Leo Alhamisi asubuhi nimepima kwa kamba, mara mbili: mita 1,236. Wanakula mita sita kwa siku. Jumatano ijayo asubuhi zitabaki 1,200 kamili. Jumatano jioni, 1,194. Kuanzia hapo ile si ndege tena. Ni bati litakalokatwakatwa na kubebwa na malori, na mimi nitakuwa mtu mwenye ndege mbili, moja ina njia na imepungukiwa injini, nyingine ina injini zote na haina njia.

Kila asubuhi Mama ananiuliza, "Bhoke amesema nini?" Namjibu hajasema kitu. Jana akaniuliza swali lingine: "Na wewe ulimwambia nini kabla hajaondoka?" Nina miaka thelathini na tisa, nimenunua jeti, na nilisimama mbele ya mama yangu kama niliyevunja sufuria.

Basi nasema sasa, mbele ya wote wanaosoma: soko lile alilipata dada yangu. Bila yeye ningekuwa bado narusha mchungaji mmoja. Nilisema uongo ukiwa umesimama hatua mbili nyuma yangu, na uongo ule nilikuwa nimeuandaa tangu asubuhi. Sisemi haya ili unionee huruma, na bado nina hasira na wewe. Ungenitukana, ningeelewa. Ungenichapa kofi kama zamani. Lakini ulichukua kimya chako, kitu ambacho watu wa hapa wanakithamini kuliko mizani, ukakiweka juu ya uwanja wangu na kuvuka mpaka.

Sikuombi urudi. Kama jiwe lilikuwa na dhahabu, sema, nami kesho yake nitaingia kwenye shimo na sururu kama wao, maana angalau nitajua nachimba nini. Kama halikuwa nayo, sema, watu wale waende kwao, wengine wameacha mashamba yao na wanakunywa maji ya kununua. Ukiona vibaya kunipigia mimi, mpigie mwenyekiti. Mpigie Mama.

Ulilisaga, ukaliosha, ukaliona. Jumanne saa sita mchana, dada, usizidishe hapo, rubani anahitaji mchana uliobaki. Neno moja: ilikuwepo au haikuwepo?

Mdogo wako