Wavu Ulioachana Bondeni

Ndugu yangu, sikia.

Unaujua ule wavu wa plastiki tunaoutandika kwenye udongo laini kabla ya kumwaga kokoto, ili barabara isititie? Leo injinia kachimbua pale bondeni. Vipande viwili vimeachana. Vimeachana! Mguu wangu ulipita katikati.

Akafoka, "Nani kasema vipandane shubiri moja? Kwenye tope hili ni mita nzima!"

Akamgeukia Dada Kamba, fundi wetu wa kutandika. "Mama, kusanya vitu vyako."

Dada akanitazama, akasema tu, "Sawa, bosi."

Sawa, bosi! Na kipimo kile nilimpa mimi. Nilikitoa kwenye karatasi ya vipimo, upande wa ardhi ngumu, sikugeuza upande wa pili, wa tope. Aliniuliza kabisa, "Una hakika, mdogo wangu?" Nikamjibu, "Tandika tu, dada, nimesoma."

Nimesoma!

Nikasimama kama gogo mpaka akatoka getini na ndoo yake.

Nimemkimbilia, nimemrudisha. Tuko mlangoni kwa injinia. Dada ananivuta shati: "Una watoto wadogo wewe, acha."

Nimeshagonga.